Ronald Ngala na Siku KADU Ilipovunjwa

Marehemu Ronald Gideon Ngala alikuwa mwalimu kabla hajawa mwanasiasa, na wanaomkumbuka kwa siasa peke yake husahau kwamba mwaka wa 1949 kilichapishwa kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Alisoma Alliance na Makerere, kisha akarudi kufundisha kwao Pwani hata akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka wa 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura.

KANU ilipoundwa Mei 1960, Ngala alichaguliwa mweka hazina akiwa hayupo mkutanoni. Wadhifa huo aliukataa. Yeye, Masinde Muliro, Daniel arap Moi na wenzao walichelea makabila madogo yasije yakamezwa na makubwa, na mwezi uliofuata wakaunda KADU, Ngala akiwa rais wake. Dawa waliyoipendekeza ni majimbo: serikali za mikoa zenye sauti yao wenyewe juu ya ardhi, polisi na elimu.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19, KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Mzee Kenyatta aachiliwe. Ngala akaiunda, akisaidiwa na chama cha Michael Blundell, kiongozi wa walowezi. Hapo ndipo jina la kibaraka lilipoanza kumwandama. Sidhani alistahili lawama yote hiyo, kwani serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa madarakani Kenyatta alipofunguliwa Agosti 1961. Hata hivyo, aliyeshindwa kwa kura akikikalia kiti cha mshindi asitarajie kupigiwa makofi.

Majimbo yaliandikwa katika katiba, lakini KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. Ngala akawa kiongozi wa upinzani Bungeni na pia rais wa baraza la mkoa wa Pwani. Nyumba ilianza kuvuja hata kabla ya uhuru. Paul Ngei, aliyejitenga na KANU na kuunda chama cha APP kilichoshirikiana na KADU, alirejea KANU Septemba 1963. Wabunge wa KADU nao wakawa wanahama mmoja mmoja. Mkono mtupu haulambwi: mfuko ulishikwa na serikali kuu, na mabaraza ya mikoa yalikaa yakingoja fedha na mamlaka yaliyoahidiwa. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na wafuasi wake wanajiunga na serikali. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri isiyo na chama cha upinzani, na majimbo yakaanza kuvunjwavunjwa.

Wengi wamemsifu kwa kutanguliza umoja wa taifa. Nusu ya sifa hiyo naikubali. Nusu ya pili inanishinda, kwa kuwa watu waliompa kura mwaka wa 1963 waliyapigia kura majimbo, nao hawakuitwa tena kwenye sanduku kusema kama wamebadili nia.

Oginga Odinga alipotoka KANU Aprili 1966 na kuongoza KPU, mambo yalikuwa mengine. Mwezi huo huo Bunge lilibadilisha katiba ili mbunge anayekihama chama kilichomdhamini apoteze kiti chake, na Juni wahusika wakarudishwa kwa wapiga kura. Sheria hiyo haikumgusa Ngala, maana ilimhusu aliyehama chama ambacho bado kimo Bungeni. Chake hakikuwapo tena. Mwalimu wa historia anayeupita ukurasa huu kwa haraka anawadhulumu wanafunzi wake.

Na Ngala mwenyewe alivuna nini? Moi alipewa uwaziri wa Mambo ya Ndani muda mfupi baada ya KADU kuvunjwa. Ngala alisubiri hadi 1966 ndipo akapewa Wizara ya Ushirika na Huduma za Jamii. Mwaka huo, kule Limuru, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa KANU, kwa upande wa Pwani. Cheo kilikuwa kikubwa kwa jina, lakini Mombasa bado alilazimika kuvutana na Msanifu Kombo kuhusu nani mwenye chama.

Desemba 1972, akiwa bado waziri, gari lake lilipata ajali karibu na Konza katika barabara ya Mombasa. Alifariki siku ya Krismasi. Maelezo ya dereva yalikuwa kwamba nyuki waliingia garini. Wengi wa Pwani hawakuyapokea, na wapo ambao hadi leo hawajayapokea.