William Sheppard alihesabu mikono iliyokatwa, kisha akashtakiwa yeye

Mwezi wa tisa mwaka 1909, mchungaji Mmarekani mweusi alisimama mbele ya hakimu huko Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Hakuiba wala hakuua. Alishtakiwa kwa kuandika kwamba raia wa Kasai wanateswa kwa ajili ya mpira. Kampuni iliyonunua mpira huo ndiyo iliyokuwa mlalamikaji.

William Henry Sheppard alizaliwa mwaka 1865 huko Waynesboro, jimbo la Virginia, mwaka uleule ambao utumwa ulifutwa Marekani. Alisomea uchungaji na kuomba kanisa lake la Presbiteri limtume Afrika. Wakubwa wa kanisa walikataa mtu mweusi aende peke yake bila mzungu. Mwaka 1890 aliondoka na kijana mzungu, Samuel Lapsley, na mwaka uliofuata walifungua misheni Luebo, katika Kasai. Lapsley alikufa kwa homa mwaka 1892. Sheppard alibaki. Baadaye alioa, na watoto wake wawili walifia Kongo wakiwa wadogo.

Alijifunza lugha ya Wakuba. Mwaka 1892 alifika Mushenge, makao ya mfalme wao, mahali ambapo wageni walikatazwa kukanyaga. Kwa safari hiyo, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpokea kuwa mwanachama mwaka 1893.

Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Ulaya ilitaka mpira kwa ajili ya magurudumu, na wanavijiji walilazimishwa kuuleta. Mwaka 1899, wapiganaji wa Zappo Zap waliotumikia Serikali walishambulia vijiji vya Kasai wakidai kodi. Misheni ilimtuma Sheppard akaone. Mkubwa wa wapiganaji hao hakumficha kitu. Alimwonyesha mikono ya kuume ikikaushwa juu ya moto, ili ipelekwe kwa Serikali kama ushahidi wa kazi iliyofanywa. Sheppard aliihesabu: ilikuwa 81.

Habari hiyo ilifika Ulaya na Marekani, ikawapa nguvu waliopinga utawala wa Leopold. Mwaka 1908 Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme koloni lake. Lakini Compagnie du Kasai, ambayo Serikali ilikuwa na nusu ya hisa zake, iliendelea kununua mpira.

Mwezi wa kwanza mwaka huo wa 1908, Sheppard aliandika tena, katika gazeti dogo la misheni. Alieleza kwamba Wakuba, waliojulikana kwa mashamba yao na nyumba zao nzuri, sasa wanasukumwa porini na walinzi wenye bunduki, na malipo hayatoshi kuishi. Kampuni ilikasirika. Ilimshtaki kwa kuichafulia jina, pamoja na mwenzake William Morrison.

Émile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji, alisafiri hadi Kongo kuwatetea bila malipo. Mashtaka dhidi ya Morrison yaliondolewa. Tarehe 4 mwezi wa kumi 1909, hakimu alimwachilia Sheppard na kuitoza kampuni gharama za kesi.

Watu wengi wanakumbuka ushindi huo. Wachache wanakumbuka sababu yake. Hakimu hakusema kwamba raia waliteswa. Alisema kwamba makala haikutaja jina la kampuni, kwa hiyo haikuonekana kwamba mwandishi alikusudia kuishambulia. Mwandishi alikwenda huru, na kampuni ilirudi kwenye biashara yake bila kuulizwa juu ya walinzi wake. Leopold alikufa mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Sheppard alirudi Marekani mwaka 1910. Kanisa lilimsimamisha kwa muda baada ya yeye kukiri kukosa uaminifu katika ndoa, jambo lisilohusu kesi. Kisha aliongoza kanisa huko Louisville, Kentucky, hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alikufa mwaka 1927.

Kesi ya Léopoldville inaonyesha namna aliyesema anavyogeuzwa kuwa mshtakiwa. Mahakama ilitumia siku zake kupima maneno ya mchungaji. Wakuba walioachiwa mashamba yenye magugu hawakupata siku hata moja ya kusikilizwa kama walalamikaji.