Fenner Brockway: Mbunge wa viti vya nyuma aliyegonga mwamba mara 9

Tukitaja wanasiasa wa Uingereza wengi tunakumbuka mawaziri wakuu tu. Leo nawaletea mzee mmoja ambaye hata uwaziri hakuwahi kuupata, lakini kelele zake bungeni zilifika mpaka huku kwetu.

Fenner Brockway alizaliwa Calcutta, India, tarehe 1 Novemba 1888, wazazi wake wakiwa wamisionari. Vita Kuu ya Kwanza alikataa kwenda kupigana, wakamtupa jela. Alitoka 1919.

Mwaka 1929 akaingia bungeni kwa tiketi ya Leba. Chama chake ndicho kilikuwa madarakani, lakini jamaa hakunyamaza. Julai 1930 aling'ang'ania Bunge lijadili watu waliokuwa wanajazwa jela kule India, mpaka akasimamishwa. Siku hiyo mbunge mwenzake, John Beckett, alibeba siwa la Bunge akataka kutoka nalo nje! Mwaka uliofuata Brockway akapoteza kiti, akarudi 1950 kupitia Eton na Slough.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya na Kenyatta akakamatwa. Mwezi huohuo Brockway alitua Nairobi pamoja na mbunge Leslie Hale kujionea wenyewe. Mwaka 1954 akaanzisha chama cha kupigania uhuru wa makoloni, na Joseph Murumbi, ambaye 1966 alikuja kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, alifanya kazi humo.

Nyumbani kwao nako hakulala. Wakati ule London mtu mweusi alinyimwa chumba cha kupanga au kufukuzwa baa kwa ajili ya rangi tu, na sheria ya kumtetea haikuwepo. Kuanzia 1956 Brockway akapeleka muswada binafsi wa kukataza ubaguzi. Ukakwama. Akaurudisha, ukakwama tena. Mara 9 jamani!

Uchaguzi wa 1964 Leba wakashinda nchi, yeye akaangushwa kwa kura 11 tu. Kumi na moja! Mjamaa huyo akapelekwa Bunge la Malodi. Mwaka 1965 serikali ikapitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi sehemu za umma kama hoteli na baa. Nyumba na ajira zikaachwa mpaka sheria ya 1968.

Alifariki tarehe 28 Aprili 1988, bado miezi sita tu atimize miaka 100.

Mimi najiuliza, mbunge akishindwa mara 9 tunamwita msumbufu. Sasa asingesumbua, hiyo sheria ingetoka wapi? Na je, mbunge wako wewe amewahi kupeleka hoja hata moja, au anapiga meza tu? Tiririka hapo chini mdau, ila matusi hapana.