Oskar Barnack na Kamera Iliyovishwa Ngozi Nyingi

Miongoni mwa mafundi walioathiri namna binadamu wa karne ya ishirini alivyojitazama, Oskar Barnack ni mmoja wa wasiotajwa sana nje ya duru za wapigapicha. Ndiye aliyeiunda Leica, kamera ndogo iliyomwezesha mpigapicha kutoka studioni na kuingia barabarani, sokoni na hata vitani akiwa na chombo kinachoenea mfukoni. Makala haya yanasimulia maisha ya fundi huyo pamoja na maisha ya umbo la nje la kamera yake, yaani rangi, madini na ngozi zilizoifunika, kwa sababu baada ya muda mambo hayo mawili yalishika njia tofauti.

Barnack alizaliwa tarehe 1 Novemba 1879 katika kijiji cha Lynow, Brandenburg, nchini Ujerumani. Alijifunza huko Berlin ufundi wa kutengeneza vyombo vya kisayansi, akatangatanga kwa miaka kadhaa kutafuta kazi na ujuzi kama ilivyokuwa desturi ya mafundi vijana wa zama zake, na mwaka 1902 akaajiriwa na kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena. Alipenda sana kutembea katika misitu ya Thuringia akipiga picha. Lakini kifua chake kilikuwa dhaifu. Alisumbuliwa na pumu. Kamera aliyoibeba ilitumia mabamba ya kioo yenye ukubwa wa sentimita 13 kwa 18, nayo ilihitaji mkoba mzito na miguu mitatu ya kuisimamisha. Kila kilima kilimgharimu pumzi. Mnamo mwaka 1905 alijaribu kuligawa bamba moja ili litoshe picha nyingi ndogo, ila picha hizo zilipokuzwa zilijaa chembechembe. Wazo likalala, lakini halikufa.

Mwaka 1911 alihamia Wetzlar kufanya kazi katika kampuni ya Ernst Leitz iliyokuwa na sifa ya kutengeneza hadubini. Aliyempendekeza ni Emil Mechau, rafiki yake wa Jena. (Wanafunzi wa fasihi ya ulimwengu watakumbuka kwamba Wetzlar ndio mji alioishi Goethe kijana mwaka 1772, na yaliyomsibu humo yakazaa riwaya yake kuhusu Werther.) Huko Wetzlar, Barnack alishughulikia pia kamera ya sinema, na hapo ndipo alipopata jawabu. Filamu ya sinema ya milimita 35 ilikuwa na chembe laini kuliko mabamba ya zamani. Aliilaza filamu hiyo ipite kwa ulalo, akaunganisha nafasi mbili za picha ya sinema, akapata picha moja ya milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho kingali kinatumika hata katika kamera za kidijitali. Zipo simulizi kwamba idadi ya picha 36 katika mkanda mmoja ilitokana na urefu wa filamu ambao mikono yake iliweza kuutandaza. Simulizi hiyo inapendeza, lakini tuiache katika ngano za kiwandani.

Kamera ya kwanza ya majaribio ilikamilika kati ya mwaka 1913 na 1914. Mwili wake ulikuwa wa chuma, si wa mbao, wala haukuwa na pambo lolote. Kwa chombo hicho Barnack alipiga picha za mitaa ya Wetzlar mwaka 1914, na za mafuriko yaliyoukumba mji huo mwaka 1920. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeukwamisha mradi. Mnamo mwaka 1923 zikaundwa kamera zaidi kidogo ya ishirini za majaribio. Zilikuwa na dosari: kilango cha mwanga hakikuzibika wakati wa kuvuta filamu, hivyo mtumiaji alilazimika kuifunika lenzi kwa kifuniko kila mara.

Uamuzi ulikuwa mgumu. Ujerumani ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika mfumuko wa bei ulioifanya fedha yake kuwa takataka, na wataalamu wengine hawakuona ni nani angenunua kamera ndogo kiasi hicho. Juni 1924, baada ya mjadala mrefu, Ernst Leitz wa Pili aliamua kuihatarisha fedha ya kampuni ili, pamoja na mambo mengine, wafanyakazi wake wasikose kazi. Wengi humsifu Barnack pekee. Kwa maoni yangu, bila ya ujasiri wa tajiri wake na lenzi iliyobuniwa na Max Berek, kamera hii ingebaki kuwa kitu cha kuchezea cha fundi mgonjwa. Mwaka 1925 ilizinduliwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Jina lake liliundwa kwa silabi za mwanzo za Leitz na kamera.

Leica hizo za mwanzo zilipakwa rangi nyeusi juu ya shaba njano, sehemu ndogondogo zikang'arishwa kwa nikeli, na kiwiliwili kikavikwa mpira mgumu wenye vinundu ili kisiteleze mkononi. Rangi nyeusi ilichakaa pembeni na shaba ikachungulia. Leo wapo wanaoipenda chakavu hiyo kuliko upya, kwa kuwa huonyesha mahali vidole vilipokuwa vikigusa.

Lakini haukupita muda mrefu kabla ya pambo kuingia. Kati ya mwaka 1929 na 1931 kampuni ilitengeneza Leica za anasa, takribani 95 tu, zilizopakwa dhahabu na kuvikwa ngozi ya mjusi katika rangi nne. Ndani yake hazikuwa na chochote kisichokuwamo katika zile nyeusi. Tajiri alinunua ngozi.

Badiliko lililokuwa na maana zaidi lilikuja mwaka 1932. Hadi hapo mpigapicha alikadiria umbali kwa jicho, au alipachika juu ya kamera kifaa cha kupimia. Leica ya Pili ilikuwa na kipimaumbali kilichojengwa ndani na kuunganishwa na lenzi: unachungulia, unaona taswira mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi hadi zikalaliana, na hapo umbali umepatikana. Mwaka uliofuata ikaja Leica ya Tatu, na mng'aro hafifu wa kromi ukaanza kushindana na weusi.

Kampuni ilikubali pia kupokea kamera za zamani na kuzigeuza ziwe za aina mpya, namba zao zikibaki zilezile. Kwa hiyo kamera iliyozaliwa mwaka 1927 yaweza kuwa na kipimaumbali cha 1932 na kromi ya baadaye. Je, ipi ndiyo asili? Yeyote aliyewahi kulinganisha miswada ya utenzi mmoja iliyonakiliwa na mikono mbalimbali atalitambua swali hili.

Barnack aliaga dunia tarehe 16 Januari 1936 akiwa na umri wa miaka 56. Wakati huo tayari huko Kharkiv, Ukraine, kiwanda kilikuwa kikitengeneza tangu mwaka 1934 nakala za Leica ya Pili kwa jina la FED. Nakala hizo zilikuwa kamera halali za watu wa kawaida. Uovu ulifanywa baadaye na walaghai waliofuta jina la FED, wakachonga Leica, wakapaka dhahabu, wakabandika ngozi za rangi na hata alama za jeshi la Hitler ili kuwanasa wakusanyaji. Mjuzi hatazami ngozi. Huitoa lenzi na kuchungulia ndani: mkono wa kipimaumbali cha Leica huishia kwa kigurudumu kidogo, ilhali ule wa FED huishia kwa ncha bapa. Kisha hulinganisha namba na daftari za kiwanda.

Juni 2022, mjini Wetzlar, mojawapo ya kamera zile za mwaka 1923, namba 105, iliuzwa mnadani kwa euro milioni 14.4. Haina dhahabu wala ngozi ya mjusi. Ilikuwa ya Barnack mwenyewe, aliitumia kupiga picha za familia yake, na jina lake limechongwa juu ya kitazamio.