Mwiba Uliomfunza Mechnikov

Nimeonelea niwasimulie maisha ya Ilya Mechnikov, kwani hakuna kati yetu ambaye hajawahi kuchomwa na mwiba, akaona ngozi ikivimba, ikawa nyekundu na hatimaye kutunga usaha. Wengi tunadhani ni uchafu tu. Kumbe pale pana vita!

Mechnikov alizaliwa mwaka wa 1845 karibu na Kharkiv, nchini Ukraini, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya milki ya Urusi. Alikuwa na bongo si haba: masomo ya chuo kikuu ya miaka 4 aliyamaliza kwa miaka 2. Lakini jamani, maisha hayakumwendea vyema. Mkewe wa kwanza, Ludmila, aliugua kifua kikuu hata siku ya arusi ikabidi abebwe kitini hadi kanisani. Alipofariki mwaka wa 1873, Mechnikov alikata tamaa, nusura ajitoe uhai. Namshukuru Mungu kwamba alinusurika, maana kazi yake kuu ilikuwa bado mbele.

Mwaka wa 1882 aliacha kazi ya ualimu katika chuo kikuu cha Odesa akaenda Messina, Italia. Siku moja jamaa zake walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na hadubini yake. Alikuwa akichunguza kiluwiluwi cha kiti cha pweza, ambacho mwili wake unapenya macho kama kioo. Aliona chembe zikitembea ndani yake. Akawaza: je, hizi si askari wa mwili? Basi akachukua miiba bustanini, akaichomeka humo. Usiku huo usingizi haukumjia. Alfajiri alikuta chembe zimeuzingira mwiba pande zote!

Kwetu sisi binadamu, safari ya chembe nyeupe ni ndefu zaidi kwa kuwa zinasafiri ndani ya damu. Wataalamu wa baadaye wametueleza ilivyo. Ngozi ikiumia, hutoa kemikali kama king'ora. Mishipa hupanuka, ndiyo maana pale huwa pekundu na pa moto. Ukuta wa mshipa kwa ndani hunasa chembe nyeupe, nazo hupunguza mwendo, hubingirika kama mpira, husimama, kisha hujipenyeza nje na kutambaa hadi kwa vijidudu na kuvimeza. Zinazofia vitani ndizo sehemu kubwa ya ule usaha.

Je, alishangiliwa? Wapi! Wanasayansi wengi, hasa wa Ujerumani, walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu, si katika chembe. Mechnikov hakutetereka. Mwaka wa 1888 alihamia Taasisi ya Pasteur, Paris, akaendelea na utafiti. Mwaka wa 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, mtetezi wa upande ule mwingine. Leo tunajua wote wawili walikuwa na haki, kwani majimaji na chembe husaidiana.

Uzeeni alipenda maziwa ya mgando akiamini yatamwongezea umri. Alifariki Paris mwaka wa 1916, akiwa na miaka 71.

Alhasili, wenzangu, tusidharau kitu kidogo. Wengi walichomwa na miiba kabla yake. Yeye aliuliza kwa nini.