Arthur Ashe na Mafunzo ya Uwanjani

Wako walimu-wanafunzi wanaodhani kuwa kipindi cha michezo ni cha kumpumzisha mwalimu. Ili kuiondoa dhana hiyo, tumeonelea vyema kueleza kwa ufupi maisha ya Arthur Ashe, mcheza tenisi mashuhuri wa Marekani.

Ashe alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, wakati sheria za huko zikiwatenga watu weusi. Baba yake alikuwa mtunzaji wa uwanja wa michezo wa watu weusi, na nyumba yao ilikuwa humo humo. Mama yake alifariki mwaka 1950, naye hajatimiza miaka saba. Mtoto huyu mwembamba alikuwa akisimama kando kumtazama kijana Ronald Charity akifanya mazoezi. Charity alimwona, akamwita, akaanza kumfundisha.

Baadaye alipelekwa wakati wa likizo kwa Dakta Robert Walter Johnson, mjini Lynchburg. Mwanzoni alikataa kuacha namna aliyofunzwa na Charity, hata baba yake akaja kumwonya, naye akatii. Johnson aliwafunza watoto kutobishana, kutoonesha hasira, na kumpa mpinzani haki kila mpira ulipoanguka karibu na mstari. Alijua kuwa mtoto mweusi angeweza kufukuzwa mashindanoni kwa kisingizio kidogo tu. Kwa hiyo adabu ilikuwa ngao yao.

Ashe alihitimu chuo kikuu mwaka 1966, akashinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968, na ya Wimbledon mwaka 1975. Mwaka 1969 yeye na wenziwe walianzisha mpango wa kuwafunza tenisi watoto wa mijini. Mwaka 1971, akiwa Kameruni, alikiona kipaji cha mtoto Yannick Noah, akasaidia apelekwe Ufaransa. Noah alikuja kuwa bingwa wa mashindano ya Ufaransa mwaka 1983. Ashe alifariki Februari 1993.

Mchezo huu humzoeza mtoto kukadiria mwendo wa mpira, kulinganisha jicho na mkono, kuhesabu, na kungoja zamu. Wala hauhitaji gharama. Katika nafasi zilizo baina ya majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, mwalimu anaweza kufunga kamba badala ya wavu, kuchonga vibao na kushona mpira wa matambara. Kwa kuwa mpira huo haudundi, upigwe ungali hewani. Watoto waanze kwa kudaka, kisha wapige kwa kiganja, na mwisho kwa kibao, wakisimama karibu karibu. Wajihesabie pointi wenyewe, na penye shaka kila mmoja ampe mwenzake.

Juu ya yote, mwalimu asiwatazame wachezaji hodari peke yao. Hana budi kumtafuta yule aliyesimama kando, amwite kwa jina na kumpa kibao.