Otto von Guericke: Meya Aliyelitafuta Ombwe

Tangu zama za Wayunani wa kale wanazuoni walibishana juu ya jambo moja: je, yaweza kuwako mahali pasipo kitu chochote, hata hewa? Aristotle alikataa katakata. Mwanafalsafa wetu al-Farabi, aliyefariki Damascus mwaka 950, naye aliandika risala fupi juu ya suala hilo, akaeleza kwamba hewa hutanuka ikaijaza nafasi iliyoachiwa. Mahali hapo pasipo kitu Kiswahili hupaita ombwe. Nami nitalishika neno hilo, maana utupu kwetu ni jambo la kusitiriwa.

Aliyeyatia mabishano hayo katika vitendo hakuwa mwalimu wa chuo, bali mtu wa siasa. Otto von Guericke alizaliwa mwaka 1602 katika mji wa Magdeburg, Ujerumani, kwa jamaa ya wakubwa wa mji. Alisoma sheria, kisha huko Leiden, Uholanzi, akajifunza hesabu na ujenzi wa ngome. Mwaka 1626 alirejea kwao akaingia katika baraza la mji.

Tarehe 20 Mei 1631 msiba ukashuka. Katika vile vita vya miaka thelathini vya Wakristo kwa Wakristo, majeshi ya Jemadari Tilly yaliuvunja mji. Watu wapatao 20,000 waliangamia kwa upanga na moto. Guericke alinyang'anywa mali akashikwa mateka, hata akakombolewa kwa fedha. Aliporudi aliukuta mji majivu, akashika kazi ya kuujenga upya. Mwaka 1646 akafanywa meya.

Ajabu ni kwamba mtu mwenye mzigo huo alipata wasaa wa kuchezea hewa. Alianza na pipa la pombe (ndilo lililokuwa tele kwao), akalijaza maji, kisha akayavuta kwa bomba la kuzimia moto. Maji yalitoka, lakini hewa ikapenya katika mbao ikipiga mbinja. Akatumia tufe la shaba, nalo likabonyea kwa kishindo kama lililopigwa nyundo. La tatu, lililofanyizwa madhubuti zaidi, likastahimili. Ndani ya ombwe mshumaa ulizimika, na kengele iligonga isisikike, ingawa ilionekana.

Mwaka 1654 alikuwa Regensburg mbele ya Kaizari Ferdinand wa Tatu, kwa safari ya kuutetea uhuru wa mji wake. Huko alionyesha maajabu ya bomba lake. Wengi husimulia kuwa farasi walivutishwa siku hiyo, sivyo. Farasi walikuja mwaka 1657, Magdeburg. Vibakuli viwili vikubwa vya shaba vilikutanishwa midomo, katikati ukatiwa ukanda wa ngozi uliolowa nta na tapentaini, hewa ikavutwa. Farasi wanane wakafungwa upande huu, wanane upande ule, na kuvitenga ikawa shida kubwa. Hapakuwa na gundi. Ni uzito wa hewa tu, ambao kwa tufe la upana wa nusu mita hufikia kama tani mbili. Kwa haki, farasi wanane wangetosha, na upande wa pili ukafungwa kwenye ukuta. Lakini meya alijua namna ya kuwavuta watazamaji!

Nyumbani kwake alisimamisha mrija mrefu wa maji wenye kisanamu kilichopanda na kushuka kwa uzito wa hewa. Kwa mrija huo mwaka 1660 alibashiri tufani. Manahodha wetu wa majahazi wangeutamani.

Habari zake zilimfikia Robert Boyle, Uingereza, naye akaunda bomba lake. Hivi leo mafundi wa ombwe wana vyama vyao. Cha Marekani kiliasisiwa mwaka 1953, nacho huchunguza pia maada na nyuso zake. Vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu hutengenezwa ndani ya ombwe.

Uhuru wa mji, hata hivyo, haukupatikana. Mwaka 1666, mwaka ule ule aliopewa na Kaizari cheo cha kuitwa "von", Magdeburg ililazimishwa kupokea askari wa Brandenburg. Kitabu chake kikubwa kilitoka Amsterdam mwaka 1672. Mwaka 1681, alipokuwa mzee, alihamia Hamburg kwa mwanawe, na huko akafa mwaka 1686. Vibakuli vyake vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Munich.