Nicolas Appert: Mpishi aliyeuonjesha ulimwengu minji ya chupani

MTU afunguaye mkebe wa minji hutazama kwanza rangi, kisha huonja ili ajue kama punje zimekuwa rojo au zingali na utamu wa shambani. Hukumu kama hiyo ndiyo iliyoamua maisha ya Nicolas Appert, Mfaransa aliyebuni mbinu ya kuhifadhi vyakula kwa kuvichemsha ndani ya vyombo vilivyozibwa. Enzi zake hakuna aliyejua kwa nini chakula huoza. Ulimi, pua na macho ndivyo vilivyokuwa mahakimu.

Appert alizaliwa Novemba 17, 1749, mjini Châlons, mashariki mwa Ufaransa. Babake alikuwa na nyumba ya wageni, hivyo mtoto alikulia karibu na moto wa jikoni. Baada ya kuwapikia watawala wa Zweibrücken, katika Ujerumani ya leo, alifungua duka la vitamutamu jijini Paris mwaka wa 1784. Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka alijitosa katika siasa, na mwaka wa 1794 akatiwa jela. Alipoachiliwa alirejea kwenye sufuria zake, na huo ukawa uamuzi wa heri.

Mboga za wakati huo zilikaushwa, ama zikatiwa chumvi au siki. Appert aliziona njia hizo kuwa adui wa ladha. Yeye alijaza mboga mbichi katika chupa za kioo, akazifunga kwa vizibo vya koki vilivyokazwa kwa waya, kisha akazichemsha majini kwa muda aliokadiria kwa makini.

Hata hivyo, ubora wa minji kwake haukuanzia kwenye chupa. Ulianzia shambani, na ndiyo sababu alijenga kiwanda chake Massy, kusini mwa Paris, mashamba yakiwa jirani. Minji ilimenywa papo hapo ilipochumwa. Punje changa mno hakuzitaka, kwani huyeyuka majini. Alipendelea za wastani, ambazo alizisifu kwa ladha na harufu. Zilizokomaa alizitenga. Hali ya hewa ikiwa baridi na yenye unyevu, alizichemsha kwa saa moja na nusu. Penye joto na ukame, saa mbili. Mkulima wa mishiri wa Kirinyaga, ambaye mazao yake hukataliwa kwa kuzidi unene, angemwelewa mara moja.

Mtihani mkubwa ulifanyika Brest mwaka wa 1803. Jeshi la wanamaji, ambalo mabaharia wake walizoea nyama ya chumvi na biskuti ngumu, lilihifadhi chupa zake kwa miezi mitatu kabla ya kuzifungua. Nyama ilionekana kufaa kuliwa. Lakini maharagwe na minji ndivyo vilivyowashangaza waonjaji: waliandika kwamba vilikuwa na ladha ya mboga zilizotoka kuchumwa.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Appert alishinda shindano la Napoleon. Ukweli ni kwamba mwaka wa 1810 Waziri wa Mambo ya Ndani alimtunuku faranga 12,000, kwa sharti kwamba aichapishe mbinu yake ili kila mtu aisome. Angeweza kudai hataza na kuilinda siri hiyo. Alichagua kuchapisha. Mwaka huo huo, Peter Durand alipewa hataza jijini London kwa mbinu ya aina hiyo, iliyotaja pia mikebe ya bati, na kufikia 1813 kiwanda cha Uingereza kilikuwa kikiuza nyama ya mikebe. Faida kubwa ilikwenda ng'ambo ya bahari.

Mwanakemia Gay-Lussac alidhani siri ilikuwa kuondoa hewa. Haikuwa hivyo. Louis Pasteur ndiye aliyekuja kueleza, katika miaka ya 1860, kwamba joto huua vijidudu vinavyoozesha chakula. Leo tunajua pia kwamba ulimi haufai kuachiwa hukumu yote: mkebe uliovimba hutupwa bila kuonjwa, kwa sababu sumu ya botulini huweza kuwamo bila kubadili ladha wala harufu.

Majeshi ya kigeni yalipoivamia Ufaransa mwaka wa 1814, kiwanda cha Massy kiliharibiwa. Appert alianza upya Paris, akahamia kwenye mikebe, na mwaka wa 1822 akaenziwa kwa jina la mfadhili wa binadamu. Jina hilo halikumlipia madeni. Alifariki Massy mnamo Juni 1, 1841, akiwa na umri wa miaka 91, na akazikwa katika kaburi la pamoja la maskini.